Namba za R hazifanani na za SPSS: tumwamini nani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika tasnifu ya uzamili katika afya ya jamii. Leseni ya SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, sina, kwa hiyo uchambuzi wote nimeufanya kwa R, ambayo ni ya bure. Msimamizi wangu alimpa msaidizi wake data ileile airudie kwa SPSS, na namba zimetofautiana mahali patatu: kwenye jaribio la t, kwenye robo ya kwanza ya umri (umri ambao robo ya watu wako chini yake), na kwenye ANOVA (ulinganishaji wa wastani wa makundi) ya vigeu viwili. Mwenzangu naye amefanya rigresheni ya kilojisti kwa Python, akapata koefisienti ndogo kuliko zangu. Sasa msimamizi ameandika pembeni mwa rasimu: "Programu za bure hazina mwenyewe. Zikikosea, nani atawajibika?" Naomba kujua namba za nani ni sahihi, na nimjibuje bila kumvunjia heshima.

Jibu: Marahaba. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, yaelekea hakuna programu iliyokosea hesabu. R imejibu swali moja, SPSS imejibu swali jingine la jirani, na Python ya mwenzako imejibu la tatu. Kila programu ya takwimu huja na chaguo-msingi zake, yaani maamuzi ambayo watengenezaji wamekwisha kukufanyia kabla hujabofya wala kuandika chochote. Usipoyajua, unaweka jina lako juu ya uamuzi wa mtu mwingine. Sehemu tatu ulizozitaja ndizo hasa ambazo wanafunzi huniletea mara kwa mara, kwa hiyo tuzipitie moja moja.

Lakini kabla hujagusa hata moja, linganisha N, yaani idadi ya watu waliohesabiwa. Muulize msaidizi: kila jedwali lako lina watu wangapi, lake lina wangapi? Zikitofautiana hata kwa mtu mmoja, simameni hapo kwanza. Nilijifunza hili kwa maumivu. Miaka mingi iliyopita nilipokea data ya utafiti ambayo wasiotaja umri walikuwa wameandikiwa 99. Ndani ya faili la SPSS ilikuwa imetangazwa kwamba 99 maana yake ni "hakujibu". Mtu akaligeuza faili kuwa CSV, na tangazo lile likapotea njiani, kwa sababu CSV hubeba namba tupu bila maelezo yake. Nikapata wazee wa miaka 99 wengi ajabu, na wastani wa umri ukapanda. Nilipoteza siku kadhaa nikitafuta kosa ndani ya fomula, kumbe kosa lilikuwa mlangoni. Tangu hapo faili la SPSS nalisoma moja kwa moja kwa haven, kifurushi (yaani nyongeza) cha R ambacho hugeuza majibu yaliyotangazwa kuwa yamekosekana yakawa NA, alama ya R ya jibu lisilokuwepo. Kwa Python, pyreadstat husoma mafaili hayohayo.

Lahajedwali pia lisiwe daraja kati ya programu mbili. Wataalamu wa jenetiki waliteseka miaka mingi kwa sababu Excel iligeuza majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1 kuwa tarehe, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaona ni nafuu kuyabadilisha majina yenyewe. Leo jeni hizo huitwa MARCHF1 na SEPTIN1.

Haya, tuseme N zinalingana. Tuje kwenye jaribio la t.

Ukiandika `t.test` bila kuongeza kitu, R hutumia njia ya Welch, ambayo haidhani kwamba makundi mawili yana mtawanyiko sawa. SPSS huchapisha mistari miwili: wa juu unadhani mtawanyiko ni sawa, wa chini haudhani hivyo. Nina hakika kubwa kwamba msaidizi alinakili mstari wa juu. Atazame wa chini, atazikuta namba zako, pamoja na digrii za uhuru zenye desimali ambazo huwashangaza wengi. Ukitaka wewe ndiye umfuate, andika `var.equal = TRUE` na R itakupa mstari wa juu. Ushauri wangu ni mbaki na Welch. Makundi yakitofautiana kwa ukubwa na kwa mtawanyiko, jaribio la kawaida hupotosha. Yakilingana, Welch haikugharimu karibu chochote. Sioni sababu ya kuchagua lile lenye hatari.

Robo ya kwanza ni hadithi ya kupendeza zaidi. Chukua namba 1 hadi 10. Robo ya kwanza ni ipi? R itakwambia 3.25. SPSS itakwambia 2.75. Zote mbili ziko sawa, kwa sababu hakuna namba kati ya hizo kumi inayogawa data barabara kwa robo, na inabidi mtu aamue namna ya kukadiria kati ya namba mbili jirani. Mwaka 1996 Rob Hyndman na Yanan Fan walikusanya njia tisa zilizokuwa zikitumika katika programu mbalimbali. R inazo zote tisa ndani ya amri ya `quantile`: usiposema kitu unapata ya 7, na SPSS hutumia ile ambayo R huiita ya 6. Andika `type = 6` na tofauti yenu itayeyuka. Kwenye data ya maelfu ya watu hata usingeiona. Kwenye kundi dogo la watu thelathini hivi, hujitokeza. Hapa hakuna cha kubishania. Chagueni moja, muitaje kwenye sura ya mbinu, muendelee.

ANOVA ndiyo inayostahili muda wako, kwa sababu pale tofauti inaweza kubadilisha hitimisho. Umesema vigeu ni viwili; tuseme ni elimu na makazi. Kama kila mchanganyiko wa elimu na makazi ungekuwa na idadi sawa ya watu, mgekubaliana hadi desimali ya mwisho. Data za utafiti wa jamii haziko hivyo. Wenye elimu ya juu wengi wako mjini, kwa hiyo sehemu ya tofauti mnayoipima inaweza kuelezwa na elimu na pia na makazi. Ni kama mzigo uliobebwa na watu wawili: ile sehemu waliyoibeba pamoja ahesabiwe nani?

Amri ya `anova` ya R humpa aliyetangulia. Kigeu ulichokiandika kwanza huchukua chake pamoja na cha ushirika, na cha pili hubakiwa na kilichosalia. Hii huitwa jumla ya miraba ya aina ya kwanza. SPSS kwa kawaida hutumia aina ya tatu: kila kigeu hupewa kile tu ambacho hakuna mwingine anayeweza kukidai. Unaweza kuthibitisha mwenyewe sasa hivi. Rudia uchambuzi wako wa R ukiwa umebadilisha mpangilio, makazi kwanza kisha elimu. Namba zikibadilika, umelipata jibu lako. Kisha tumia amri ya `Anova`, yenye A kubwa, kutoka kifurushi cha car, uombe aina ya tatu. Hapa kuna mtego ambao sijui wangapi wameingia: kabla ya kujenga modeli lazima uiambie R itumie `contr.sum`, namna mojawapo ya kugeuza makundi kuwa namba, kwa vigeu vya makundi. Usipofanya hivyo, na modeli yako ina mwingiliano wa vigeu viwili (athari ya kimoja kutegemea kingine), mistari ya elimu na makazi itatoka na namba zenye maana nyingine kabisa, na R haitakuonya.

Ipi ni sahihi? Inategemea ulichouliza. Ukitaka kujua kama makazi yana mchango baada ya elimu kuwa imehesabiwa, mpangilio una maana na aina ya kwanza inakufaa. Ukitaka kupima kila kimoja baada ya kingine bila kumpendelea yeyote, aina ya pili au ya tatu. Binafsi, pasipo na mwingiliano wa maana, napenda aina ya pili, ambayo `Anova` hutoa bila hata kuombwa. Lakini uamuzi huo ni wako na wa msimamizi wako, nao ulipaswa kufanywa kabla ya kuona matokeo.

Kuhusu mwenzako wa Python: karibu bila shaka alitumia kifurushi cha scikit-learn. Kifurushi hicho ni kizuri mno, ila kilijengwa kwa ajili ya kutabiri. Rigresheni yake ya kilojisti, usipoigusa, huongeza adhabu inayovuta koefisienti zote kuelekea sifuri ili modeli isikariri data. Kwa mtabiri hilo ni jambo jema. Kwa mtu anayetaka kuripoti uwiano wa uwezekano (odds ratio) kwenye tasnifu ya afya ya jamii ni balaa, kwa sababu athari zote hutoka zimefifishwa na hakuna palipoandikwa hivyo kwenye jedwali. Aondoe adhabu hiyo, au bora ahamie statsmodels, kifurushi cha Python kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa takwimu. Na huko awe macho: asipotumia fomula ya maneno kama ile ya R, statsmodels haiongezi namba ya mwanzo ya mstari (intercept) mpaka aiombe kwa `add_constant`. Bila hiyo, modeli inalazimishwa kupita kwenye sifuri.

Mfano mmoja zaidi kutoka upande huo, kwa sababu ni mdogo na unabaki kichwani. Chukua namba 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7, 9. Mkengeuko sanifu ni ngapi? NumPy, kifurushi cha hesabu cha Python, inasema 2. R inasema 2.14. NumPy hugawa kwa 8, R hugawa kwa 7, yaani idadi toa moja. Na pandas, ambayo imejengwa juu ya NumPy, nayo inagawa kwa 7! Kwa hiyo ndani ya Python yenyewe, vifurushi viwili vinavyoishi nyumba moja havikubaliani. Ndiyo maana nasema ugomvi wako si wa programu huria dhidi ya programu za kununua. Tofauti za namna hii ziko kila mahali. Stata, ambayo huuzwa, huchukulia jibu lililokosekana kuwa kubwa kuliko namba yoyote, hivyo anayeomba "wenye umri zaidi ya 60" bila tahadhari huwabeba na wote wasiotaja umri. Nao wameliandika hilo wazi kwenye mwongozo wao. Asiyesoma ndiye anayeumia.

Sasa tuje kwenye sentensi ya msimamizi wako, maana ina hoja mbili ndani yake.

Ya kwanza imejificha kwenye neno "bure". Kiswahili kimetupa bahati hapa. Tuna "bure", ambalo maana yake ni bila malipo, na ambalo pia hubeba harufu ya kitu kisicho na faida, kama tunaposema kazi imekwenda bure. Na tuna "huria". R ni bure, kweli, lakini kilichoifanya iaminiwe ni kule kuwa huria. Leseni yake, GPL, inakupa ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha, na kuwagawia wengine. Zipo programu za bure ambazo si huria hata kidogo. Unapewa, lakini umefungiwa nje ya chumba cha hesabu. Mwambie msimamizi unatumia programu huria, na utakuwa umesema jambo tofauti na alilolisikia. Wengine huogopa kwamba GPL itawalazimisha kuanika data au tasnifu yao. Hapana. Masharti yake yanamgusa anayesambaza programu yenyewe au aliyoitengeneza kutokana nayo. Majedwali yako ni yako.

Ya pili ni kwamba haina mwenyewe. Hii si kweli, na historia yake inafaa uijue, kwa sababu wenye mashaka wengi wanadhani R iliokotwa. Mzizi wake ni lugha ya S, iliyoanza kuundwa mwaka 1976 katika maabara za Bell nchini Marekani, John Chambers akiwa kinara wake. Mapema miaka ya 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman, wahadhiri wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, waliandika lugha yao inayofanana na S ili waitumie kufundishia. Mwaka 1995 Martin Mächler wa ETH Zürich aliwashawishi waiachie chini ya GPL. Mwaka 1997 likaundwa kundi la msingi lenye mamlaka ya kugusa msimbo mkuu, na toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Kundi hilo bado lipo, na wamo wanatakwimu wenye majina makubwa, akiwemo Chambers mwenyewe. Iko pia R Foundation, yenye makao yake Vienna, Austria. Andika `citation()` ndani ya R na itakupa namna ya kuinukuu pamoja na jina la taasisi hiyo. Mwenyewe yupo, anajulikana kwa jina, na kila badiliko analofanya limeandikwa.

Je, atawajibika? Hapana, na usimfiche msimamizi wako hilo. Kila R inapofunguka inakwambia kwenye mistari ya kwanza kabisa kwamba haina dhamana yoyote. Lakini mwombe asome leseni ya programu anayoilipia. Leseni nyingi za programu zinazouzwa huweka mipaka mikali juu ya madai ya hasara, na hakuna muuzaji ninayemjua atakayekuja kukutetea mbele ya watahini kwa sababu robo ya kwanza ya umri imetoka tofauti. Anayewajibika kwa namba za tasnifu ni wewe, kwa programu yoyote. Hata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ambayo hupitia majaribio ya dawa yanayogusa maisha ya watu, ilitoa tamko mwaka 2015 kwamba haimlazimishi mtu kutumia programu fulani ya takwimu. Inachotaka ni programu iliyotumika itajwe na kuelezwa ipasavyo, toleo lake likiwemo.

Kuna kisa ambacho huwa nawasimulia wanafunzi kila muhula. Kikundi cha watafiti wa Johns Hopkins kilikuwa kimekadiria athari ya vumbi la hewani kwa vifo katika miji 90 ya Marekani: vifo vya siku viliongezeka kwa asilimia 0.41 kwa kila mikrogramu 10 za vumbi kwenye mita moja ya ujazo. Mwaka 2002 wao wenyewe wakatangaza kwamba wamegundua kasoro. Programu waliyotumia, S-PLUS, ambayo ni S iliyokuwa ikiuzwa kibiashara, ilikuwa na kigezo legevu cha kusimamisha hesabu. Modeli ilikoma kutafuta kabla haijafika. Walipokaza kigezo, asilimia 0.41 ikashuka hadi 0.27. Athari haikufutika, vumbi bado lilionekana linaua, lakini namba iliyokuwa mbele ya watunga sera ilikuwa imezidi. Chanzo ni chaguo-msingi moja, ndani ya programu ya kulipia, mikononi mwa wanatakwimu wa daraja la juu kabisa.

Na nisije nikakudanganya kwamba uwazi ni kinga. Mwaka 2016 Anders Eklund na wenzake walichapisha uchunguzi wa programu zinazochambua picha za ubongo, na katika mojawapo, AFNI, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ilikuwa imegunduliwa kasoro iliyokaa humo miaka 15. Mlango ulikuwa wazi muda wote huo, hakuna aliyeingia kutazama. Msimbo wazi hukupa haki ya kukagua. Ukaguzi wenyewe lazima afanye mtu. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba ulipofika wakati wa kuuliza, jibu lilipatikana kwa kusoma, na marekebisho yalionekana na kila mtu.

Ukitaka kumwonyesha msimamizi ukaguzi kwa vitendo, kuna njia iliyozeeka vizuri. Mwaka 1967 James Longley alichukua data ya uchumi wa Marekani ya miaka 16, kuanzia 1947 hadi 1962, ambayo vigeu vyake vinaandamana mno, akapiga hesabu ya rigresheni kwa mkono, kisha akawapa kazi hiyohiyo kompyuta za wakati ule. Baadhi ya programu zilitoa majibu ya ovyo. Data ile imekuwa mtihani wa programu tangu hapo. Iko ndani ya R kwa jina la `longley`, na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeiweka pamoja na data nyingine za majaribio zenye majibu yaliyothibitishwa kwa desimali nyingi. Endesha `lm(Employed ~ ., data = longley)`; namba ya mwanzo itatoka karibu -3482.26. Msaidizi naye aendeshe data hiyohiyo kwa SPSS. Zikikubaliana, mtakuwa mmemaliza mjadala wa kama mashine ya R inajua kupiga hesabu.

Mashaka ya msimamizi wako yana mahali pake pa haki, ila si pale alipoyaweka. R ya msingi na vifurushi vilivyokomaa ni jambo moja. Ghala la CRAN, lenye vifurushi zaidi ya 20,000, ni jambo jingine. Kabla ya kupokelewa CRAN, kifurushi hukaguliwa kiufundi: kinasakinika, mifano yake inaendeshwa bila kukwama, maelezo yapo. Hakuna anayekagua kama takwimu zilizomo ni sahihi. Kwa hiyo kifurushi usichokijua ukikague mwenyewe. Mwandishi wake ni nani, na ni mtaalamu wa mbinu hiyo? Kuna makala ya kitaaluma inayoieleza? Kimekuwa kikirekebishwa, au kiliachwa miaka sita iliyopita? Vifurushi vingine vinakitegemea? Kifurushi cha survey cha Thomas Lumley, kwa mfano, nakiamini kwa data za sampuli zenye mizani na matabaka, kwa sababu mwandishi ni bingwa wa somo lenyewe na kimetumika na kukosolewa kwa miaka mingi. Na kama data yako ilikusanywa kwa makundi, vijiji au kaya, basi hicho ndicho unachokihitaji kuliko ANOVA yoyote. Ukiwachambua watu wa kijiji kimoja kana kwamba kila mmoja aliokotwa peke yake, makosa sanifu yatatoka madogo kuliko ukweli, na hapo R na SPSS zitakubaliana vizuri kabisa kwenye jibu lisilo sahihi.

Hatari ya pili ni mabadiliko ya matoleo. Programu huria hutembea haraka. Toleo la R 3.6.0 la mwaka 2019 lilibadilisha namna `sample` inavyochagua kwa bahati nasibu, kwa sababu njia ya zamani ilikuwa na upendeleo mdogo. Matokeo yake, `set.seed` ileile, yaani namba ya kuanzishia bahati nasibu, hutoa sampuli tofauti kabla na baada ya toleo hilo. Mwaka 2020, R 4.0.0 iliacha kugeuza maneno kuwa makundi yenyewe wakati wa kusoma data, na skripti nyingi za zamani zikayumba. Kinga ni ndogo: hifadhi majibu ya `sessionInfo()`, amri inayoorodhesha matoleo uliyotumia, pamoja na kazi yako, na kama mradi ni mrefu tumia renv, ambacho hukumbuka toleo la kila kifurushi ulichotumia.

Hukuuliza kama ubadilishe programu, lakini nitagusia kwa sababu msimamizi anaweza kukuuliza. Usibadilishe katikati ya tasnifu. Msaidizi wake akitaka kitu chenye sura ya SPSS, PSPP ya mradi wa GNU husoma mafaili yaleyale ya SPSS na amri nyingi zilezile, ingawa haina mbinu zote. Wanaopenda menyu kuliko amri wajaribu jamovi au JASP. Zote mbili huegemea R chini kwa chini, na jamovi inaweza kukuonyesha amri za R za kile ulichobofya, jambo ambalo ni mwalimu mzuri. Wa ekonometriki wana gretl. Python nzuri pale data inapotoka kwenye mifumo mikubwa na takwimu ni hatua moja tu ya safari. Julia kwa hesabu nzito. Kwako wewe, R inatosha na inazidi.

Kwa msimamizi, usiandike barua ya kuitetea R. Andika ukurasa mmoja wenye jedwali: safu ya kwanza matokeo yako, ya pili ya msaidizi, ya tatu matokeo yako baada ya kulinganisha chaguo, ya nne sababu ya tofauti kwa sentensi moja. Anza kwa kumshukuru kwa kuamuru kazi irudiwe, na umshukuru kwa dhati, kwa sababu bila yeye usingejua kwamba ANOVA yako ilitegemea mpangilio wa maneno. Kisha kwenye sura ya mbinu taja R na toleo lake, kila kifurushi na toleo lake, aina ya jaribio la t, aina ya robo, aina ya jumla ya miraba. Skripti nzima iweke kiambatisho, kuanzia mstari unaosoma faili ghafi hadi jedwali la mwisho, na uiendeshe kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabla ya kuwasilisha.

Halafu mwombe msaidizi akutumie faili lake la amri. SPSS nayo ina lugha yake. Badala ya kubofya OK angebofya Paste, kila alichochagua kingeandikwa. Kama alibofya tu bila kuhifadhi, hatakuwa nalo, na itabidi arudie hatua zake mbele yako. Kaeni pamoja siku hiyo, skripti yako upande mmoja na amri zake upande mwingine, mshuke mstari kwa mstari mkianzia na N.